Neno la Siri la Shirika la Monika

Cimpunda, mtaa wetu wa mlimani, mlango haufungwi mchana. Ukiufunga, jirani atasema unakula nyama peke yako, na jirani wa pili ataongeza kwamba ni nyama ya wizi. Nyumba zimebebana mgongoni kutoka chini mpaka juu ya mlima, maji ya mvua ya huyu yanapita kwa yule, na ukikohoa asubuhi, saa sita watu wa barabarani wanakupa pole. Priscille alizaliwa humo na kulelewa humo, kisha akaenda kuchagua kazi ya kutengeneza milango inayofungwa. Mungu naye ana utani wake.

Alikuwa mfupi, mbishi, na alizoea kugombana na kompyuta kwa sauti kubwa kama mtu anayevuta mbuzi asiyetaka kuvuka mto. Baba yao alikufa mapema. Mama yao, Georgette, aliuza sambaza, wale dagaa wa ziwani, soko la Kadutu, na kaka yake mkubwa, Gentil, alipanda malori kwenda kuleta mchele kutoka nyanda za Ruzizi. Mchele huo ndio uliomsomesha Priscille mpaka akatoka na diplomu ya informatiki. Gentil mwenyewe aliacha shule darasa la sita, na hakuwahi kumkumbusha dada yake hata siku moja. Priscille hakuhitaji kukumbushwa.

Mwaka ule Goma ilipoanguka mikononi mwa waasi, barabara ya Sange, ile ya kwendea Ruzizi, nayo ikakosa mwenyewe. Lori la Gentil lilisimamishwa na watu wenye bunduki, vijana wakateremshwa, wakapotelea milimani kubeba mizigo ya watu wasiowajua na baadaye bunduki za watu hao hao. Miezi ikapita bila habari. Georgette aliendelea kuitwa Mama Gentil sokoni, kama desturi ilivyo ya kumwita mama kwa mtoto wake wa kwanza, na kila alipoitwa alijisikia kama amechomwa mwiba.

Ndipo Priscille alipoingia kazini kwa shirika dogo la misaada lililoitwa Tuonane, kule Muhumba karibu na ziwa, ambako watu wana mageti na hakuna anayeuliza kwa nini umefunga. Kazi yake ilikuwa kujenga tovuti ya watu waliotawanywa na vita. Unajiandikisha, unaacha maneno yako, unataja nani ayasome, na huyo peke yake ndiye anayeyaona. Hakuna mwingine.

Sasa tovuti haijengwi tangu udongo. Kuna kiunzi, yaani mifupa iliyokwisha kupangwa na mafundi wa mbali, na wewe unaivika nyama. Kiunzi cha Priscille kilikuja na mlango wake tayari: andika jina, andika barua-pepe, chagua neno la siri. Ulikuwa mlango mzuri, ila fundi wake hakuwahi kufika Kadutu. Barua-pepe ya nani? Mama wa sambaza ana simu moja, nayo ina ufa. Priscille akaubomoa mlango ule na kuujenga upya. Mahali pa barua-pepe akaweka namba ya simu, na mahali pa jina la ukoo akakubali majina ambayo watu wanaitwa kweli: Mama Gentil, Papa Gloire, Tantine wa Sange. Kwenye neno la siri ndipo alipokuwa mkali: liwe refu, liwe na tarakimu, liwe na herufi kubwa, lisifanane na jina lako.

Mashine ikawakataa wamama kutwa nzima. Wakiandika jina la mtoto, imekataa. Wakiandika jina la mtoto na mwaka wake, imekataa, herufi kubwa iko wapi? Mama mmoja aliuliza kwa uchungu wa kweli kama mashine ile inawachukia Washi, watu wa kabila lake.

Papa Venant, mkurugenzi, mtu wa tai na ripoti lakini asiye na moyo mbaya, alimwita ofisini.

"Priscille, unanifukuzia batu. Ulegeze ile kitu."

Akalegeza. Herufi sita zozote zikatosha. Na watu wakaanza kumiminika, mashirika mazima ya parokia kwa mkupuo, shirika likiwa ni zile familia za jirani zinazosali pamoja kila Alhamisi, zinazozikana na kulea watoto kwa pamoja. Papa Venant alikuwa anacheka peke yake koridoni. Priscille naye alifurahi, na hakujiuliza kwa nini watu walioshindwa jana wamekuwa mafundi leo.

Kisha, Jumatano moja, yakaja maneno kwa Mama Gentil. Georgette aliyasoma mwenyewe pale ofisini, polepole, midomo ikitembea, halafu akaketi chini sakafuni kwenye saruji. Gentil alikuwa hai. Alikuwa ametoroka. Lakini waliotoroka walikuwa wanawindwa: mwenzake alifuatwa mpaka kwa shangazi yake na siku ya pili akaokotwa kwenye mto Ruzizi. Gentil alisema anahama-hama. Mwanzo wa wiki inayofuata angeandika jina la nyumba ambamo mama angemkuta, amletee nguo na kadi ya kura, kitambulisho chake, apate kuvuka mpaka kwenda Burundi. "Mama, nikikosa jibu, nitakuja mwenyewe nyumbani," alimaliza.

Nyumbani ni Cimpunda, mlango wazi, kila mtu anaona nani kaingia.

Jumapili, mvua ya tangu jana ikiwa imeondoka na umeme na mtandao wa mlima mzima, mama na binti walikuwa wanakula bugali na sombe ya majani ya muhogo. Priscille aliuliza tu juu ya neno la siri, kama mtu anayeuliza kama chumvi imetosha.

"Mama, ile mot de passe yako, hukumuonesha mutu?"

"Kumuonesha mutu juu ya nini? Bote banaijua."

"Bote gani?"

"Shirika yote. Papa Stanislas alituandikisha kwa telefone yake, kisha sala. Alisema tukamate moya, ili mutu asisahau. Tulikamata Monika, mutakatifu musimamizi wetu. Kidole kimoya hakivunji chawa, mwanangu."

Bonge la bugali lilibaki mkononi mwa Priscille likapoa. Monika. Herufi sita kamili. Jina ambalo watoto wa mlima ule wanaliimba wakiruka kamba, limeandikwa kwa rangi ya bluu kwenye bendera ya shirika, na kila mpita njia analisoma siku ya maandamano. Yeyote anayemtafuta Gentil alihitaji tu namba ya simu ya mama yake, na namba ya muuza sambaza inajulikana soko zima.

"Mama," alisema, "unajua wanaweza kumuua?"

Georgette alimtazama bintiye kama aliyetukanwa. Shirika ndilo lililomzika mume wake. Shirika ndilo lililokaa naye Gentil alipopotea. Unaanzaje kuwaficha watu kama hao kitu? Alikusanya sahani na kwenda kuziosha nje, na Priscille akabaki amekaa.

Jumatatu alifika Muhumba kabla ya mlinzi kufungua geti. Jambo la kwanza, akaifunga akaunti ya mama yake, asiingie mtu. Halafu akaona ubaya wa alichofanya. Akiiacha wazi, wawindaji wataisoma nyumba. Akiiacha imefungwa, mama hataisoma, na Gentil atakuja mwenyewe mikononi mwao. Ilibidi apatikane mlango unaomfungukia Georgette peke yake, na upatikane kabla wiki haijafika mbali.

Tena haikuwa Georgette tu. Wangapi wengine? Hapo ndipo kazi ilipokuwa ngumu, maana maneno ya siri hata fundi hayaoni. Kiunzi kinayasaga kama muhogo kinuni, na unga haurudi kuwa muhogo. Tena kila neno linatiwa chumvi yake, yaani herufi chache za kubahatisha, kabla ya kusagwa, hivyo neno moja likitumiwa na watu mia linatoa unga wa namna mia. Ukiangalia, shirika zima la Monika lilionekana kama watu wasiojuana.

Ilibaki njia moja, kupita mlango kwa mlango na kujaribu ufunguo. Priscille aliandika maagizo mafupi, akaiambia mashine ijaribu "monika" kwenye kila akaunti. Ikafunguka. Ikafunguka. Ikafunguka tena, Mama huyu, Papa yule, watu aliowajua kwa sauti zao za kuimba. Akajaribu wasimamizi wa mashirika mengine ya parokia, Kizito, Anuarite, Yosefu mwenye herufi sita, na milango ikazidi kufunguka, mpaka chai yake ikapata ngozi juu. Alikuwa amefanya kazi ya mwizi mchana kweupe, na ilikuwa rahisi kuliko kuchambua mchele. Aliogopa sana. Kisha akakasirika, akajikasirikia mwenyewe, akamkasirikia na fundi wa mbali, na hasira ndiyo iliyomsimamisha.

"Nafunga compte zote hizi," alimwambia Papa Venant, akimwonyesha akaunti zile. "Leo."

"Zote? Priscille! Wageni bafadhili banakuja Ijumaa. Nitabaonesha nini? Mulango na kufuli?"

"Njo vile. Mulango na kufuli. Sasa hivi tuko na pazia tu."

"Na kama miye patron nasema hapana?"

"Basi mutatafuta mwingine wa kufungua. Miye nafunga. Ndugu yangu iko mule ndani, Papa Venant. Na ndugu ya batu bengine."

Papa Venant alivua miwani, akaifuta. Yeye pia alikuwa na mpwa asiyejulikana alipo, ingawa hakuwa akimtaja kazini.

"Funga," alisema. "Wageni nitaongea nabo miye."

Akafunga. Halafu akakaa kuandika sheria mpya za mlango. Tarakimu na herufi kubwa akazitupa, hazikumsaidia mtu. Badala yake mashine ikadai sentensi nzima, ya lugha yoyote, Kishi, Kiswahili, Kifaransa cha kuvunjika, mradi iwe ndefu. Ikakataa majina ya watakatifu, ya mitaa, ya watoto walioandikishwa. Na kwa kuwa aliwajua watu wake, akaingiza pia mianzo ya sala zote za asubuhi na jioni na nyimbo za misa. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na yeye alikuwa amechoka na nyufa. Akaongeza jambo moja la kwake: mtu akijaribu kuingia popote kwa jina la msimamizi wa shirika, mashine imwambie.

Lakini nani angebadilisha neno la nani? Ukisema mwenye "monika" aingie abadilishe mwenyewe, hata mwizi ana "monika". Basi akawatumia ujumbe wa simu: kila mmoja aje Muhumba kwa miguu yake, ajulikane kwa uso, na shirika la Monika lianze.

Jumanne saa tatu walikuwa getini wote, wamevaa vitenge vya Jumapili, na mbele yao Papa Stanislas, seremala, mzee wa shirika, mkono umeshika rozari kama mtu anayeshika ushahidi. Georgette alikuwa nyuma kabisa, ameinamisha macho.

"Mutoto wa Georgette," Papa Stanislas alianza, "nilikubeba siku ya ubatizo. Leo unatufungia mulango? Unasema siye tuko bezi?"

Wamama walinung'unika kwamba wameitwa wezi. Priscille alijisikia mdogo, kama mtoto aliyekutwa anakula peke yake. Alikuwa ameandaa maelezo ya unga na chumvi, na sasa aliona hayafai kitu. Aliwatazama, akaitazama rozari.

"Papa Stanislas," alisema, "siku ya kitubio, shirika inaingiaka kwa padiri yote pamoya?"

"Ee! Vile gani? Kila mutu peke yake."

"Juu ya nini? Siye bote ni ndugu. Si muingie bote, mumuambie zambi moya, asisahau mutu?"

Kicheko kilianzia nyuma, kwa mama mnene muuza makaa, kikasambaa. Papa Stanislas alijitahidi kubaki na uso wa kazi.

"Na kisha kitubio, munakutanaka inje na kuulizana, 'weye ulisema nini?'"

"Hapana," alisema mzee. "Ile ni ya mutu na Mungu."

"Basi na hii ni vile. Siwaite bezi. Lakini kama mubaya mumoya anajua jina ya Monika, anawaingilia bote siku moya. Batoto yenu bameandika fasi banajificha. Nawaomba, muingie moya-moya."

Papa Stanislas alikuwa mtu mzima, na mtu mzima kukosolewa mbele ya watu aliowaongoza si jambo dogo. Mwishowe akaitia rozari mfukoni.

"Nitaanza miye," alisema.

Akaingia, akakaa mbele ya mashine, akaandika mstari wa kwanza wa Salamu Maria. Mashine ikakataa. Akaandika mwanzo wa Baba Yetu. Ikakataa tena. Akageuka, akamwangalia Priscille kwa jicho la kumstaajabia shetani.

"Hii machine ni ya kipagani."

"Ni katoliki, Papa. Ndiyo maana inajua zile sala. Uandike kitu ile haujaambia mutu."

Mzee alifikiri muda mrefu. Kisha akaandika, akijikinga kwa bega, na mashine ikampokea. Alipotoka alienda kusimama kando ya ukuta, na alionekana kama mtu aliyekumbuka kitu cha zamani sana.

Wakajipanga kama wanavyojipanga Jumamosi kanisani, mmoja anaingia, wengine wanasubiri mbali kidogo. Wengine walitoka wanacheka. Mama mmoja alitoka machozi yanamtiririka, na hakuna aliyemuuliza. Wasiojua kuandika walisumbua zaidi, maana hata Priscille hakupaswa kuisikia sentensi yao. Akaketi nao akiwaonyesha herufi zote moja baada ya nyingine, wao wanachagua wenyewe na kubonyeza yeye akiwa amefumba macho. Ilichukua mpaka jioni.

Georgette aliingia wa mwisho. Priscille alimfungulia akaunti, akasimama nyuma yake kumsaidia.

"Geuka," alisema Georgette.

"Mama, ni miye. Ni miye niliitengeneza."

"Ulisema mutu hata moya. Weye si mutu?"

Akachomoa kitenge chake cha begani, akaifunika mikono yake na vibonyezo pamoja, kama anavyofunikwa mtoto anayenyonya barazani. Priscille akageuka kuelekea dirishani. Alisikia kidole kimoja kikitafuta herufi, kikisimama, kikiendelea. Ilikuwa sentensi ndefu. Halafu kimya, na ndani ya kimya kile pumzi ya mama yake ilibadilika, na Priscille akajua Gentil ameshaandika.

"Iko wapi?" aliuliza, bila kugeuka.

"Kama sikuambie, hata bakukamate habatatoa kitu mu kinywa yako."

Ilimuuma. Yeye ndiye aliyelishwa na mchele wa Gentil. Tena aliijua njia ya uani: fundi wa tovuti anaweza kupita nyuma, kwenye ghala la maneno, na kusoma kila kitu bila kubisha mlango. Alikuwa ameapa siku alipoajiriwa kwamba hatapita huko. Jioni ile aliketi mbele ya mashine ile ile, mkono juu ya vibonyezo, akimtaka kaka yake kwa nguvu zote za moyo wake. Kisha akazima mashine akapanda mlima kwenda nyumbani.

Asubuhi yake Georgette aliondoka na mfuko, akawaambia majirani anafuata bei ya mchele upande wa Sange. Hakuna aliyeshangaa, maana wamama wa soko hufuata bei popote.

Ijumaa, wageni wa Papa Venant wakiwa bado wanakunywa kahawa chumba cha pili, mashine ikamwambia Priscille kwamba mtu anagonga. Akaunti ya Mama Gentil. Limeandikwa "monika", limekataliwa. Limeandikwa "Monika" kwa herufi kubwa, limekataliwa. Kisha "mutakatifu monika", kwa matamshi ya huku huku kwetu. Halafu mtu huyo akaacha. Priscille alibaki ameshika meza kwa mikono miwili. Bendera kila mtu huisoma, lakini kwamba Monika ndilo neno la siri mtu wa porini hangejua. Alilijua kwa kuwa alikuwa wa shirika, au kwa kuwa mtu wa shirika alimpa. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, na hawakusema uchungu wake.

Georgette alirudi Jumapili bila mfuko, vumbi mpaka kwenye nyusi, amechoka, na uso wake umelala kama wa mtu aliyetua mzigo.

"Amevuka," alisema. Akaomba maji.

Priscille alimwacha anywe. Halafu akamweleza: siku gani, neno gani, mara ngapi. Georgette alisikiliza mpaka mwisho, akigeuza kikombe mkononi.

"Ni mutu ya kwetu, Mama."

"Nasikia."

Alhamisi iliyofuata zamu ya sala ilikuwa nyumbani kwao. Walikuja wote, wakajaza mabenchi, wengine wakasimama barazani, mlango wazi kama desturi. Wakaimba. Papa Stanislas akasoma Injili. Ilipofika saa ya kupeana amani, Priscille alitazama chini, maana hakujua angemshika nani mkono bila kujiuliza. Georgette ndiye aliyesimama wa kwanza. Alizunguka chumba chote na baraza, hakumruka mtu, na kila mkono aliushika muda kidogo kuliko kawaida, akimtazama mwenye mkono machoni. Baadhi walitazama pembeni, lakini watu hutazama pembeni kwa mambo mengi.

Walipokwisha kuondoka, Priscille alimfuata mama yake jikoni.

"Uliona ni nani?"

Georgette alikuwa anasonga bugali, ameupa mgongo mlango uliokuwa wazi.

"Sikutafuta kuona. Amani nimebapa bote," alisema. "Mot de passe, hapana. Lete sahani."